Kwadrupoli moja na skrini moja: mwale mzima unajengeka upya, au tunajidanganya?

#1 Mpimaji Miale
Wakuu salaam. Naweka hoja, mwenye kupinga aje na hesabu.

Vifaa ambavyo karibu kila kichapuzi cha elektroni kinavyo tayari, yaani kwadrupoli moja (sumaku inayofanya kazi kama lenzi), mita mbili za bomba tupu, skrini ya YAG (fuwele inayong'aa elektroni zikiipiga) na kamera, vinatosha kuujua mwale: upana wake, mtawanyiko wa pembe zake, na jinsi hivyo viwili vinavyofungamana. Njia mnaijua. Unabadilisha nguvu ya kwadrupoli hatua kwa hatua, unapiga picha kila hatua, unapima σ ya doa (upana wake), kisha unachora σ² dhidi ya K (gradienti iliyonomalishwa mara urefu wa sumaku). Inatoka parabola: σ² = A(K − K0)² + C. Emitansi (kipimo cha upana na mtawanyiko wa pembe kwa pamoja) ni √(AC) gawanya kwa L², ambapo L ni umbali kutoka katikati ya sumaku hadi skrini.

Ili tusiongee hewani, tuchukue laini ya mfano: 100 MeV, chaji 100 pC, emitansi iliyonomalishwa mikroni 1, L mita 2, σ kwenye kwadrupoli 0.5 mm, mwale ukiingia sambamba, hivyo K0 = 0.5 kwa mita. γ (nishati gawanya kwa nishati ya elektroni iliyotulia) ni 196, hivyo emitansi ya kijiometri, yaani iliyonomalishwa gawanya kwa γ, ni nanomita 5.1. Doa dogo kabisa linapaswa kuwa 5.1 nm × 2 m ÷ 0.5 mm, yaani mikroni 20. Sasa tuseme picha zinagoma kwenye mikroni 29. Emitansi inaruka hadi 1.4. Mkosaji ni nani?

#2 Fundi Lenzi
Hapo hakuna siri, ni macho ya kamera. 29² toa 20² inabaki kama 440, mzizi wake mikroni 21. Ukungu wa mikroni 21 kwenye mfumo wa picha ni kitu cha kawaida kabisa. Fuwele ya YAG yenye unene wa mikroni 100 iliyolazwa nyuzi 45 inatoa mwanga katika njia yote ya elektroni ndani yake, kwa hiyo kamera inaona kistari badala ya nukta. Ongeza lenzi iliyofunguliwa sana: kina cha fokasi kinakuwa kidogo, katikati ya skrini pako safi, pembeni ukungu.

Weka bamba la mistari la USAF 1951 mahali pa skrini, angalia kundi la mwisho ambalo mistari yake bado inatengana. Toa huo ukungu kwa mraba kwenye kila σ² kabla ya kupiga parabola.

#3 Chembe Huru
Naweka kambi hapa.

#4 Bi Usuli
#2 sawa, ila bamba la USAF linapima lenzi tu. Halipimi fuwele, na wewe mwenyewe umesema fuwele ndiyo tatizo. Umejipinga aya moja baada ya nyingine.

Mimi nashitaki usuli wa picha. Tuseme dirisha la kukata picha lina upana wa mm 4, na baada ya kutoa picha ya giza kumebaki kiwango kidogo kilichosambaa sawasawa. Varianzi ya usambaa wa namna hiyo ni 4² ÷ 12, yaani mm² 1.33, au mikroni za mraba milioni 1.33. Ili kuongeza 400 kwenye σ² unahitaji asilimia 0.03 tu ya mwanga wote wa picha. Asilimia 0.03! Hiyo huioni kwa macho hata ukiongeza utofauti wa rangi mara kumi.

Fanya hivi:
– Picha ya usuli ipigwe mwale ukiwa umezuiwa kwenye leza ya katodi, RF (mawimbi ya redio yanayochapua elektroni) ikiwa imewashwa. Ukizima RF unapoteza elektroni zinazong'oka zenyewe kwenye kuta za kaviti, nazo ndizo sehemu kubwa ya taka.
– Piga usuli 10 au zaidi, chukua wastani, toa.
– Usifute pikseli zilizokwenda chini ya sifuri. Ukizifanya sifuri unabakiza kelele chanya peke yake, na hapo umetengeneza usuli mpya kwa mkono wako.
– Punguza dirisha kwa hatua: mm 4, 3, 2, 1. Kama σ inazidi kushuka bila kutulia, unapima dirisha lako, si mwale.

#5 Sumaku Nne
Wote mnaangalia picha, hakuna anayeangalia sumaku. Histeresi! Mkondo wa amperi 5 ukipanda na amperi 5 ukishuka hautoi gradienti ileile. Emitansi inaharibika hapo.

#6 Mzee wa Matriksi
#5 hapana mkuu. Uga uliobaki ndani ya chuma, kama ni ule ule katika skani yote, unasogeza K0 tu. A haibadiliki, C haibadiliki, na emitansi inatoka kwenye hizo mbili. Kitakachokuwa na makosa ni α, namba inayosema mwale unakusanyika au unatawanyika, kwa hiyo ulinganishaji wa mwale na laini inayofuata utakuwa mbovu, lakini namba ya emitansi inabaki palepale. Tena kuna kipimo rahisi: uga uliobaki unasogeza parabola ya x na ya y upande uleule kwenye mhimili wa mkondo, hivyo K0 ya moja inakaribia sifuri na ya nyingine inaondoka.

#7 Sumaku Nne
Na kama mtu amepanda na kushuka, kisha akamwaga nukta zote kwenye parabola moja?

#8 Mzee wa Matriksi
Hapo nakubali. Na kwa laini ya mfano hesabu yake inatisha. A ni L² mara σ², 4 × 0.25 mm², ikitoa 10⁻⁶. Ukichanganya matawi mawili yaliyosogezwa kwa ±0.02, chini unapata nyongeza ya A × 0.02², ambayo ni mikroni za mraba 400. Ndiyo ile ile tunayoitafuta. 0.02 ni asilimia 4 ya K0. Kwa hiyo zungusha sumaku kwanza: sifuri hadi juu kabisa na kurudi, mara tatu, halafu skani iende upande mmoja tu bila kurudi nyuma hata hatua moja.

#9 Dipoli Kavu
Kabla hamjamaliza kugawana lawama, kuna jambo halijasemwa: kiuno cha parabola ni chembamba kuliko watu wanavyodhani. σ² inafikia mara mbili ya C pale K − K0 = √(C/A), na kwa namba za #1 hiyo ni 0.02. Kwa sumaku ya sm 10, K0 ya 0.5 inahitaji gradienti ya 1.67 T/m, na kiuno chote kiko ndani ya ±0.07 T/m. Mtu anayepiga hatua za 0.05 kwa mita anaruka juu ya kiuno bila kukiona.

Halafu anapiga parabola bila kuweka uzito kwenye nukta. Chukua nukta ya mbali, K − K0 = 0.5, σ hapo ni 0.5 mm. Kosa la asilimia 2 kwenye σ ni asilimia 4 kwenye σ², yaani mikroni za mraba 10,000. C unayoitafuta ni 416. Mbawa zinapiga kelele, kiuno hakisikiki. Ndiyo maana mara nyingine C inatoka hasi na emitansi inakuwa mzizi wa namba hasi, watu wanabaki wanakodoa macho.

Dawa: nukta zibaki ndani ya ±0.06 (hapo σ imeongezeka kama mara 3), hatua ya 0.005 karibu na chini, picha 5 hadi 10 kwa kila hatua, na uzito wa kila nukta utoke kwenye mtawanyiko wa picha zake.

#10 Kaka Spektra
Naongeza mshitakiwa: nishati. Elektroni zenye nishati tofauti hazikutani mahali pamoja nyuma ya lenzi ya sumaku. Nyongeza ya σ kwenye skrini ni L × K × σ × δ, δ ikiwa mtawanyiko wa nishati.

#11 Bi Usuli
#10 tia namba basi, si useme tu.

#12 Kaka Spektra
Haya. δ ya asilimia 1, ambayo tayari ni kubwa kwa linaki (kichapuzi cha mstari ulionyooka) yenye fezi iliyowekwa vizuri: 2 × 0.5 × 0.5 mm × 0.01 = mikroni 5. Kwa mraba, 20 inakuwa 21. Asilimia 3. Sawa, mshitakiwa wangu ana kesi ndogo hapa. Lakini ongeza σ kwenye kwadrupoli hadi mm 1: kiuno cha kweli kinashuka hadi mikroni 10, na nyongeza inapanda hadi 10. Emitansi mara 1.4. Anayepanua mwale ili "apate parabola nzuri yenye kina" anajichimbia shimo.

#13 Skani Pacha
Na mtawanyo wa njia? Kama kuna dipoli au kona huko juu na mwale haujasahihishwa vizuri, η (kiasi doa linavyohama nishati ikibadilika) ya sm 2 kwenye skrini na δ ya asilimia 0.1 inatoa mikroni 20. Namba ileile tena. Kuipima ni rahisi: badilisha fezi ya seksheni ya mwisho kidogo ili nishati ihame asilimia 0.2, angalia kitovu cha doa kinahama kiasi gani.

#14 Fundi Lenzi
Kwa hiyo tuna washitakiwa wanne, na kila mmoja anatoa mikroni 20 peke yake. Hii si kesi, ni msongamano.

#15 Tochi ya OTR
Watano. Skrini kushiba. YAG ikipigwa na elektroni nyingi mahali padogo haitoi mwanga unaolingana na chaji. Kilele kinabapa, na σ inatoka kubwa kuliko halisi.

#16 Mzee wa Matriksi
Kwa 100 pC kwenye mfano huu? Kumbuka kwadrupoli inakusanya x huku ikitawanya y. x ikiwa mikroni 20, y iko kama mm 1. Msongamano wa kilele ni 100 pC ÷ (2π × 20 × 1000), ambao ni 0.8 fC kwa mikroni ya mraba. Ndogo. Kwa nC 1 ni 8, hapo nitakusikiliza.

#17 Tochi ya OTR
Usibishane na msongamano, uliza picha zenyewe. Jumlisha pikseli zote katika kila hatua, gawanya kwa chaji iliyosomwa na kipima mkondo cha pete (toroidi). Kama uwiano unashuka kila doa linapokuwa dogo, skrini au kamera imeshiba. Kutofautisha hizo mbili: weka kichujio cha kijivu mbele ya lenzi. Tatizo likiondoka, ilikuwa kamera. Likibaki, ni fuwele. Usijaribu kupunguza chaji, kwa sababu mwale wa 50 pC una emitansi yake nyingine na utakuwa umepima kitu kingine.

Na msidhani kuhamia skrini ya chuma ya OTR (inayotoa mwanga elektroni zikivuka uso wake) kunamaliza kila kitu. OTR haishibi, lakini mwanga wake ni hafifu, na baada ya kubana mwale chembe zinaweza kuanza kung'aa kwa pamoja. LCLS, leza ya eksirei kule maabara ya SLAC, Marekani, walikutana na hili: mwanga unakuwa mkali mno na hauna uhusiano wa moja kwa moja na chaji, hivyo picha haisomeki kama wasifu wa mwale. European XFEL, leza ya eksirei ya Ujerumani, nao walipata picha zenye umbo la pete ya moshi kwenye fuwele za LYSO, katikati pamefifia pembeni panang'aa, wakaelekea fuwele ya aina nyingine, GAGG.

#18 Chembe Huru
Swali la mwanafunzi: msukumano wa chaji zenyewe je? Elektroni zinachukiana.

#19 Kaka Spektra
Swali zuri. Kwa mkondo I, nyongeza ya σx baada ya mita L ni takriban ½L² × I ÷ (17,000 A × γ³ × (σx + σy)). Kwa 20 A, 100 MeV, σy ya mm 1: mikroni 0.3. Sahau. Sasa peleka skani hiyohiyo karibu na bunduki ya elektroni, γ ya 12, mengine yote yaleyale: mm 1.4. Milimita! Huko chini skani ya kwadrupoli ni hadithi. Tumia bamba la matundu au mipasuo, ambalo linakata mwale kuwa vijimwale vyenye chaji ndogo kiasi kwamba msukumano haufui dafu.

#20 Skani Pacha
Turudi kwa mikroni 29. Napendekeza kipimo kimoja cha kuwatenganisha. Tumia sumaku ya juu zaidi kupunguza σ kwenye kwadrupoli hadi 0.25 mm. Kiuno cha kweli kinakuwa mikroni 41. Kama kuna nyongeza ya kudumu ya mikroni 20, utasoma 45, na emitansi itashuka kutoka 1.4 hadi 1.11. Kama emitansi ni 1.4 kweli, itabaki 1.4. Kesi imefungwa.

#21 Dipoli Kavu
Haijafungwa mkuu. Ukipunguza σ, makosa ya nishati ya #12 nayo yanashuka, tena kwa mraba. Na skrini inashiba kidogo zaidi kwa kuwa doa ni kubwa. Kwa hiyo emitansi itashuka kwa sababu tatu na hutajua ni ipi. Kipimo chako kinasema tu "kuna uongo", hakisemi mwongo nani.

Pia #4, swali: wastani wa picha 10 unauchukuaje? Watu wanajumlisha picha kumi halafu wanapima σ. Mwale ukicheza mikroni 20 toka mkupuo hadi mkupuo, umejiongezea mikroni 20 kwa mraba. Pima σ ya kila picha kwa kitovu chake, kisha chukua wastani wa σ².

#22 Bi Usuli
#21 sahihi kabisa, hilo nililiruka. Mshitakiwa wa sita.

#23 Mpimaji Miale
Asanteni, ila mmeng'ang'ania parabola. Hoja yangu ilikuwa mwale *mzima*. Parabola inatoa namba tatu tu. Tomografia (kujenga umbo kutokana na mitazamo ya pembe nyingi) inatoa umbo: mikia, mwezi mchanga, vidoa viwili.

#24 Mzee wa Matriksi
Tomografia ya x peke yake inafanya kazi kwa data hiyohiyo, ila chagua K kwa akili. Ukiinomalisha fezi spesi (ramani ya mahali na pembe za chembe) ili mwale uwe duara, kila K ni pembe ya kutazama: tan θ = (K − K0) ÷ 0.02. Hatua sawa za K si hatua sawa za pembe. Karibu na kiuno pembe inakimbia, kwenye mbawa inasinzia. Chukua θ kutoka −81 hadi +81 kila nyuzi 9: picha 19, na K inaishia ±0.13 tu kutoka kiunoni. Bila hivyo picha ya mwisho inajaa michirizi kama ndevu, na mtu anaanza kuandika kuwa mwale wake una mikia.

Ukiwa na pembe chache, kurudisha nyuma kwa vichujio kunatoa takataka. MENT ya Minerbo, ya 1979, inachagua kati ya maumbo yote yanayolingana na data lile lenye entropia kubwa kuliko yote. Kwa lugha nyepesi: haiongezi chochote ambacho data haikudai.

#25 Neva Bandia
Siku hizi kuna njia pana zaidi. Watafiti wa SLAC na Argonne walichapisha 2023 jinsi ya kufanya hivi kwa kwadrupoli na skrini: mtandao wa neva unachukua namba za bahati nasibu na kuzigeuza kuwa chembe, chembe zinapitishwa kwenye simulesheni ya laini, picha ya kubuni inalinganishwa na picha ya kweli, na kosa linarudishwa nyuma hadi kwenye mtandao. Siri iko kwenye simulesheni: lazima ijue yenyewe kila matokeo yake yanabadilika vipi ingizo likibadilika kidogo. Cheetah, simulesheni ya maabara ya DESY, imejengwa hivyo juu ya PyTorch. Baadaye wakaongeza kaviti ya kukengeusha (inayosukuma mwanzo na mwisho wa mwale pande tofauti) na dipoli, wakafika vipimo vyote sita (mahali na mwendo kwa pande tatu) kwa picha kama 20. Hakuna kuufundisha mtandao mapema kwa data ya zamani.

Linganisha na Oak Ridge 2018: walipima vipimo sita moja kwa moja kwa mipasuo, na skani ilikula zaidi ya siku nzima.

#26 Mzee wa Matriksi
Hapa ndipo ninapokaza. Hesabu vipimo. Kila picha ina vipimo 2. Kitasa kimoja (K) kinaongeza 1. Jumla 3. Fezi spesi ya x na y ina 4. Huwezi kujaza mtungi wa lita nne kwa maji ya lita tatu.

Kwa lenzi nyembamba inaonekana waziwazi. Uhusiano wa x na y kwenye skrini ni parabola ya K, na parabola ina koefisienti tatu. Vitu visivyojulikana ni vinne: ⟨xy⟩, ⟨xy′⟩, ⟨x′y⟩, ⟨x′y′⟩. K² inatoa ⟨xy⟩. K inatoa tofauti ya ⟨x′y⟩ na ⟨xy′⟩. Kilichobaki ni mseto mmoja wa jumla yao na ⟨x′y′⟩, na mseto huo haufunguki kwa skani hii hata ukipiga picha elfu moja.

#27 Neva Bandia
Kwadrupoli ya kweli si nyembamba. Unene unavunja huo mfungamano.

#28 Mzee wa Matriksi
Kwa sumaku ya sm 10, kl² ÷ 6 (l ni urefu wa sumaku, k ni K gawanya kwa l) ni asilimia 0.8. Unataka kusoma kitu kupitia tofauti ya asilimia 0.8 kwa kamera ambayo ukungu wake ndio tunaubishania tangu #2? Haya, endelea.

#29 Skani Pacha
😂 #28 umemmaliza. Ila hata hiyo njia ya 6 haijakamilika kwa hesabu yako: picha 2, kwadrupoli 1, halafu kaviti na dipoli ni kuwasha na kuzima tu, si vitasa vya kuzungusha.

#30 Neva Bandia
Hesabu ya vitasa inafaa kwa mwale wa umbo lolote duniani. Miale ya kweli ni laini, haina umbo la herufi za gazeti. Sehemu isiyoonwa na data inajazwa na entropia, kama MENT inavyofanya, na hamkuilalamikia MENT. Anayeogopa afanye hivi: jenga upya mara kadhaa kwa mbegu tofauti za bahati nasibu, kisha tazama wapi majibu yanatofautiana. Panapotofautiana, data haikusema kitu. Na uache picha chache nje, uone kama mwale uliojengwa unazitabiri.

#31 Dipoli Kavu
Mbegu tofauti zenye entropia ileile zinaweza kukubaliana vizuri sana kwenye jibu lisilo sahihi. Kukubaliana si ushahidi. Na picha ulizoziacha nje zikiwa za kwadrupoli ileile, zina upofu uleule. Acha nje picha za kwadrupoli *nyingine*. Tena ongeza hiyo nyingine kwenye skani kabisa, kwadrupoli mbili zinazobadilika kwa pamoja. Zipo kwenye laini nyingi na hazihitaji kununuliwa.

Zaidi ya yote: njia hii inaamini simulesheni. Ukungu wa kamera usipowekwa ndani ya simulesheni, mtandao utaueleza kama emitansi. Yale mashitaka sita ya juu hayajafutwa, yamefichwa tu.

#32 Kaka Spektra
Kwa wenye kaviti ya kukengeusha: tafuta fezi ambayo kitovu hakihami, kisha sogeza fezi ±1° na upime kitovu kinahama pikseli ngapi. Kwa 2856 MHz digrii moja ni ps 0.97, kwa hiyo una pikseli kwa pikosekunde bila kuhitaji kujua volteji. Piga pia kwenye sifuri ya pili, nyuzi 180 mbali. Mwale ukiwa umeinama wenyewe tangu awali, mpigo mmoja unaurefusha na mwingine unaufupisha. Ukitumia mmoja tu, urefu utakuwa na makosa. Ukali wa muda ni ukubwa wa doa kaviti ikiwa imezimwa, gawanya kwa huo mvuto. Msisahau pia kaviti yenyewe inaongeza mtawanyiko wa nishati, ni sheria ya Panofsky na Wenzel, haikwepeki. Picha ya nishati iliyopigwa kaviti ikiwa kali si nishati ya mwale wako wa kawaida.

#33 Tochi ya OTR
Wasio na kaviti hiyo watumie seksheni ya mwisho ya linaki kwenye sifuri yake na spektromita. Muda unageuka nishati, nishati inageuka mahali. Ya maskini, lakini inafanya kazi.

#34 Mtu wa Pete
Nyie watu wa linaki mnateseka. Kwenye pete (kichapuzi cha duara) kitasa kinajizungusha chenyewe. CERN kwenye PS Booster wana tomografia ya mwelekeo wa urefu ambayo ni kazi ya kila siku: wanasoma wasifu wa banchi (kifurushi cha chembe) kwa kipima mkondo cha ukutani, mzunguko baada ya mzunguko, na kwa kuwa chembe zinazunguka zenyewe ndani ya ndoo ya RF (eneo ambamo RF inazishikilia), nusu mzunguko wa sinkrotroni unatosha kuona pembe zote. Haikati mwale, haihitaji skrini. Kitu cha kuangalia ni kuwa chembe za pembeni mwa ndoo zinazunguka polepole kuliko za katikati, kwa hiyo unafuatilia chembe moja moja badala ya kuzungusha picha kama sahani. Volteji ya RF ukiikosea, picha inatoka imejisokota.

#35 Chembe Huru
BPM (vipima mahali pa mwale) nazo? Ziko kila mahali kwenye laini na hakuna anayezitaja.

#36 Skani Pacha
Zinaweza. SLAC walionyesha 1983: elektrodi nne, kulia na kushoto jumlisha, toa juu na chini, gawanya kwa jumla ya zote. Inatoka namba inayolingana na σx² − σy² + x² − y², gawanya kwa nusu-kipenyo cha bomba mraba. BPM sita zenye mchapuko tofauti wa fezi kati yake, na una matriksi bila kugusa mwale.

#37 Bi Usuli
Na ndani ya bomba la nusu-kipenyo mm 20, σ ya mm 1 inatoa 0.0025. Elfu mbili na nusu kwa milioni! Elektroniki zako zikiyumba kwa sehemu moja kwa elfu, asilimia 40 ya kipimo imekwenda. Na mwale ukikaa mm 1 nje ya katikati, unasoma mahali, husomi ukubwa.

#38 Skani Pacha
Ndiyo maana unauingiza katikati kwanza kwa sumaku za kusahihisha. Sijasema ni rahisi.
Marekebisho: #36 niliandika "mchapuko tofauti wa fezi", nilimaanisha tofauti ya fezi. Mchapuko ni kitu kingine.

#39 Mpimaji Miale
Kwa hiyo agizo la kazi likoje kwa zile mikroni 29? Naona: zungusha sumaku, usuli, uwiano wa mwanga na chaji, kitovu kwa kila picha, η, kisha ukungu.

#40 Fundi Lenzi
Ukungu uwe wa kwanza. Ni wa lenzi, hauhitaji mwale kuwaka, unaweza kupimwa mashine ikiwa imezimwa.

#41 Bi Usuli
Ukungu wa *lenzi*. Wa fuwele unataka mwale. #4, rudia kusoma.

#42 Dipoli Kavu
Kabla ya vyote, mwenye picha aziweke ghafi, biti 12, mkupuo mmoja faili moja, na faili la mkondo wa sumaku *uliosomwa*, si ulioombwa. Kama ni JPEG asijisumbue: mgandamizo wake unacheza na pikseli hafifu, na ndizo zilezile za asilimia 0.03.

#43 Mzee wa Matriksi
Na picha za kwadrupoli ya pili. Bila hizo, #25 na mimi tutakuwa hapa mwakani.